Chasisi ya gari la mbio lenye injini nyuma ya dereva: mabomba gani, na kazi ianzie wapi?

Swali: "Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Nakuru, kazi yangu kubwa ni mageti na trela. Nataka kujenga gari dogo la otokrosi (mbio fupi za kwenye vumbi), injini ikae nyuma ya kiti cha dereva na mbele ya ekseli ya nyuma. Naweza kupata hafukati, yaani nusu ya mbele ya gari iliyokatwa, ya Corolla au Vitz yenye gia za mkono. Nitumie mabomba gani, ya unene gani, na nianzie wapi? Wenzangu wananiambia ninunue mabomba mazito tu, chasisi haitapinda."

Jibu:

Fundi, tuanze na hilo la wenzako, maana ndilo litakalokula pesa zako bure. Bomba zito haliokoi chasisi iliyopangwa vibaya. Geti lisilo na mshazari hulala upande hata ukilijenga kwa bomba la inchi mbili. Lenye mshazari husimama kwa bomba jembamba. Chasisi ya mabomba inafuata sheria hiyo hiyo. Panapokutana mabomba ni fundo, na kila mzigo mkubwa, yaani mkono wa tairi, kichwa cha shokabsoba, mguu wa injini na mkanda wa dereva, sharti uingie kwenye fundo. Bomba likisukumwa au kuvutwa kwa urefu wake hubeba mzigo mkubwa sana; bomba hilo hilo likisukumwa ubavuni katikati hupinda.

Kwa hiyo kazi haianzi na mabomba. Inaanza na zile sehemu zinazopokea mzigo, na kwa upande wa nyuma wa gari lako Toyota wameshakupangia.

Hafukati unayoizungumzia ni injini iliyolala kwa upana, giaboksi, shafti mbili, vitovu, mikono ya chini, shokabsoba na ile krosimemba (boriti ya kuvuka chini) inayobeba raki ya usukani. Mzigo huo wote unaweza kuhamishiwa nyuma ya dereva bila kubadili vipimo vyake. Toyota MR2 ya kwanza ya mwaka 1984 ilijengwa kwa wazo hilo: injini ya 4A-GE, ya familia moja na za Corolla, imelazwa kwa upana nyuma ya viti. Sharti ni moja: ihamishe kama ilivyo, upande uliotazama rejeta uendelee kutazama mbele ya gari. Ukiigeuza nyuma-mbele utapata gia moja ya kwenda mbele na tano za kurudi nyuma.

Hapo hapo tazama egzosi inatokea upande gani kabla hujalipa. Upande uliokuwa ukitazama rejeta sasa utatazama mgongo wa dereva. 4A-FE ya Corolla AE101 ina manifoldi ya egzosi mbele, kwa hiyo joto lake litakuwa kati ya injini na ukuta wa moto (bati linalomtenga dereva na injini), karibu na tangi la mafuta. Inawezekana, lakini utahitaji bati la kuzuia joto na nafasi ya angalau milimita 60 kati ya manifoldi na ukuta. Injini ambayo egzosi yake hutokea upande wa dashibodi inakurahisishia kazi, kwa sababu moshi utatokea moja kwa moja nyuma ya gari. Hakikisha pia unapewa kompyuta ya injini, waya zote bila kukatwa, na ufunguo wake kama ina imobilaiza (kifaa cha kuzuia wizi).

Sasa vipimo. Kabla hujaanza kuibomoa, weka hafukati kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa. Toa springi, kisha inua vitovu kwa jeki mpaka shafti za tairi zikae karibu sawa na sakafu. Hicho ndicho kimo cha kuendeshea. Piga mstari wa katikati na mstari wa ekseli kwa uzi wa chaki. Halafu chukua timazi na uteremshe kila sehemu sakafuni: kwa kila upande, kichwa cha shokabsoba, bushi ya mbele ya mkono wa chini, bushi yake ya nyuma, katikati ya kitovu, na ile boli (kiungo cha mviringo) ya ndani ya tairodi, yaani fimbo inayogeuza tairi, raki ikiwa imewekwa katikati kabisa. Hizo ni sehemu 10. Ongeza miguu 4 ya injini na giaboksi, zinakuwa 14. Kila moja iandikie namba tatu: umbali kutoka mstari wa katikati, umbali kutoka mstari wa ekseli, na kimo kutoka sakafuni. Kulia na kushoto vikitofautiana kwa zaidi ya milimita 3, jua hafukati hiyo ilitoka kwenye ajali. Chukua vipimo vya upande uliopona na uvigeuze.

Jedwali hilo la sehemu 14 ndilo ramani yako. Mabomba yatachorwa baadaye kuzifuata.

Kipimo kinachofuata ni dereva. Mkalishe mtu mrefu kuliko wote watakaoendesha, akiwa na helmeti, kwenye kiti chenyewe, juu ya karatasi au sakafu yenye chaki. Nyayo zake zibaki nyuma ya mstari wa ekseli ya mbele. Miguu iliyotangulia mbele ya ekseli ndiyo inayovunjika kwanza gari likigonga. Nyuma ya kiti acha milimita 150 hadi 200 za tangi dogo la mafuta, kisha ukuta wa moto, kisha injini. Ukipanga hivyo, umbali kati ya ekseli mbili utajitokeza wenyewe kati ya milimita 2,300 na 2,450. Usijilazimishe kuufupisha. Gari fupi sana lenye uzito nyuma hujizungusha haraka kuliko dereva anavyoweza kulirudisha, na otokrosi ni vumbi na kona.

Mabomba

Kwa fremu ya chini na ubavu, bomba la mraba 25 × 25 la ukuta wa milimita 1.6 linatosha. Kwa sehemu za kushikilia miguu ya injini na bushi za mikono, tumia 40 × 40 × 2. Kizimba cha usalama, yaani mabomba yanayomlinda dereva gari likipinduka, ni habari nyingine, na hapo huna hiari. Kanuni za FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, Kiambatisho J, kifungu cha 253, zinataka bomba la chuma lisilo na mshono, lililovutwa baridi, lenye nguvu ya kustahimili kuvutwa isiyopungua megapaskali (MPa) 350. Tao kuu, lile linalosimama nyuma ya dereva, liwe 45 × 2.5 au 50 × 2, na mabomba mengine ya kizimba 38 × 2.5 au 40 × 2. Pata kanuni za mwaka huu za darasa la bagi kutoka KMSF, shirikisho la mbio za magari la Kenya, kabla ya kununua, kwa sababu mkaguzi atapima kwa kanuni zao, hatauliza ulisoma wapi.

Makisio ya gari moja: urefu 8 wa bomba la 25 × 25 (kila mmoja mita 6), urefu 1 wa 40 × 40, urefu 1 wa 45 × 2.5 kwa tao kuu, na urefu 3 wa 40 × 2 kwa sehemu nyingine za kizimba. Jumla ni kama kilo 120 dukani, na ukiondoa vipande vya kutupa utabaki na chasisi ya karibu kilo 100 pamoja na kizimba. Gari zima likiwa na injini ya 1NZ-FE ya Vitz linapaswa kukaa kati ya kilo 600 na 650 bila dereva.

Nenda dukani na kalipa ya kupimia na mizani. Bomba linalouzwa kama la milimita 2 mara nyingi ni 1.6, na la 1.6 ni 1.2. Uzito haudanganyi: mita 6 za 25 × 25 × 1.6 ni kilo 7 hivi. Mita 6 za 40 × 40 × 2 ni kilo 14.3, 45 × 2.5 ni kilo 15.7, 40 × 2 ni kilo 11.2. Likipungua kwa zaidi ya asilimia 10, liache.

Bomba la maji la mabati usiliguse hata kama ni nene. Lina mshono, chuma chake hakina cheti, na zinki yake ikichomwa hutoa moshi unaoleta homa na huacha vitundu ndani ya weldi. Bomba la boila mara nyingi halina mshono, lakini baadhi yake hushuka hadi MPa 325, kwa hiyo omba cheti kabla ya kuliita bomba la kizimba.

Fremu yenyewe

Chora kwa chaki sakafuni, ukubwa halisi, mtazamo wa juu na wa ubavu. Kisha tengeneza mfano wa moja kwa tano kwa nyaya zilizounganishwa na risasi ya kulehemu. Ushike pande mbili uusokote. Kata mshazari mmoja, usokote tena. Jioni moja ya kazi hiyo itakuonyesha ni bomba gani linafanya kazi na lipi ni pambo.

Matatizo yako yatakuwa mahali pawili. La kwanza ni shimo la dereva, kwa sababu juu yake hapawezi kufungwa kwa mshazari. Dawa ni ubavu wenye kimo: bomba la chini na la juu la ubavu yaachane kwa angalau milimita 300, na kati yake kuwe na mishazari, kisha mabomba ya mlango ya kizimba yaunganishwe kwenye mafundo hayo hayo. Kizimba kilichosimamishwa peke yake juu ya fremu ni kilo 40 zisizosaidia chasisi chochote.

La pili, na ndilo baya zaidi kwa gari la aina hii, ni chumba cha injini. Hapo ndipo mzigo wa tairi za nyuma, injini na breki unapoingia, na hapo hapo ndipo kila mtu huacha mraba mtupu ili injini ipate kutoka. Matokeo yake ni gari ambalo kipande cha mbele ni kigumu na mkia unajisokota, na dereva analalamika kwamba nyuma "inaogelea". Suluhisho ni mshazari wa juu unaofunguka: bomba la 25 la mviringo lenye ukuta wa milimita 2, ncha zake zina vijiti vya chuma vilivyotobolewa na kuchomelewa, linafungwa kwa bolti za M10 daraja la 8.8 kwenye masikio mawili ya bati la milimita 5, yaani bolti inapita sikio, bomba, sikio. Tundu liwe la 10 kamili, la 10.5 litaruhusu bomba lichezecheze na mshazari hautafanya kazi hadi fremu iwe imeshapinda. Weka mishazari miwili kama herufi V kutoka katikati ya tao kuu hadi vichwa vya shokabsoba za nyuma. Chini ya injini fanya hivyo hivyo.

Vichwa vya shokabsoba viunganishwe kwa bomba moja la kuvuka, na kila kichwa kipate bomba la kushuka hadi fundo la chini na mguu wa nyuma wa kizimba. Miguu hiyo ya nyuma, kwa kanuni za FIA, iwe minyoofu na iegemee angalau digrii 30 kutoka wima, kwa hiyo inaangukia karibu na vichwa vya shokabsoba bila kulazimishwa. Tumia bahati hiyo.

Utaona picha za magari ya Cooper, yale ambayo Jack Brabham alishindia ubingwa wa dunia wa 1959 injini ikiwa nyuma yake, na mabomba yake yamepinda. Yalishinda kwa sababu nyingine, uzito mdogo na mahali pa injini. Bomba lililopinda na kubebeshwa mzigo wa urefu huendelea kupinda. Penye ulazima wa kukwepa kitu, vunja njia kwa mafundo mawili minyoofu.

Tao kuu na tao la mbele ndiyo pekee yanayopindwa kwa haki, na kila moja liwe bomba moja bila kiungo. Nusu kipenyo cha pindo, kikipimwa katikati ya bomba, kisipungue mara 3 ya kipenyo cha bomba: kwa 45 ni milimita 135. Mashine ya kukunja mabomba ya maji huliminya bomba. Kipenyo kidogo kwenye pindo kikigawanywa kwa kikubwa kisiwe chini ya 0.9. Kimo kiwe cha kutosha hivi kwamba ukiweka ubao kutoka tao kuu hadi tao la mbele, helmeti ibaki chini yake kwa angalau milimita 50. Bomba la kufungia mikanda ya mabega lichomelewe kwenye tao kuu pamoja na mshazari wake; mikanda iende nyuma ikishuka digrii 10 hivi chini ya usawa, na kamwe isizidi 45, maana ikishuka sana hubana uti wa mgongo gari likigonga.

Meza na kuchomelea

Hapa ndipo uzoefu wako wa mageti unaweza kukusaliti kidogo, kwa sababu geti likitoka milimita 4 nje ya pembe hakuna anayekufa. Tengeneza meza ya mita 3 kwa 1.2 kwa chaneli za 100 × 50, isawazishe kwa mpira wa maji kama waashi wanavyofanya, kisha kaza miguu yake sakafuni. Bana fremu ya chini mezani, pima mishazari miwili ya kona kwa kona. Tofauti isizidi milimita 2. Simamisha vigezo vya zile sehemu 14 mezani kwa vipande vya angle aini, vikiwa na bolti mahali pa bushi na miguu. Hivyo fremu inajengwa kuzunguka sehemu zake, na bushi zitaingia bila nyundo.

Shika kila kitu kwa nukta kwanza, fremu nzima pamoja na kizimba. Weka injini, weka kiti, mkalishe dereva, funga shafti, zungusha tairi. Ndipo umalize weldi. Choma milimita 25 hadi 30, hamia kona ya mkabala, rudi tena. Ukimaliza fundo moja lote kwa mkupuo, litavuta fremu upande wake na hakuna kinyundo kitakachoirudisha.

Mashine ya MIG yenye waya wa 0.8 na gesi mchanganyiko ndiyo bora kwa ukuta wa 1.6. Kama una ya rodi tu, rodi za 2.0 kwa ampea 40 hadi 60 zitafaa kwa mikono iliyotulia, na rodi za 2.5 ziwe za ukuta wa 2 na kuendelea. Ncha za mabomba ya mviringo zikatwe mdomo wa samaki, mwanya usizidi milimita 1. Mwanya mkubwa ukijazwa na rodi unaonekana mzuri na ndani ni mtupu. Kila asubuhi ya kazi chomelea vipande viwili vya majaribio, vibane kwenye jiliwa, vipige nyundo mpaka vishindwe. Chuma kikichanika pembeni ya weldi, endelea. Weldi ikibanduka, ongeza moto au badilisha mkono. Na usisage weldi za kizimba ziwe laini. Mkaguzi atadhani unaficha, na kweli umepunguza chuma.

Nyuma: kosa linalopindua magari

Tairi za nyuma sasa zimebeba vitovu vya mbele vya Corolla, vyenye mkono wa usukani. Mkono huo ukiachwa huru tairi itajigeuza yenyewe. Ukifungwa mahali pasipofaa itajigeuza kila gari likipanda na kushuka. Ndiyo maana ulipima boli ya ndani ya tairodi. Jenga daraja la bati la milimita 5 kwenye krosimemba, pale raki ilipokuwa, lenye masikio ya kushikilia tairodi katika sehemu ile ile, kwa urefu ule ule. Tairodi za awali zitumike, zikiwa na nati ya kurekebisha. Ukifanya hivyo tairi za nyuma zitakuwa na mwendo uliopangwa kiwandani. Wengine huacha raki nzima na kuichomelea isitembee. Ni uzito bure, na meno yake yakilegea milimita moja, nyuma ya gari hujiongoza yenyewe kwenye kona.

Weka tairi za nyuma zielekee ndani kidogo, jumla milimita 2 hadi 3, na mbele sifuri. Nyuma isielekee nje hata kidogo.

Angalia shafti: pembe kwenye sivi jointi (kiungo cha shafti) kwa kimo cha kuendeshea isizidi digrii 7, na uning'inize tairi hadi mwisho uone jointi ya ndani haichomoki. Ukiwa umefuata jedwali lako, hili litakuwa sawa tangu mwanzo.

Mbele ni kwepesi, kilo 300 hivi pamoja na dereva, na unaweza kujenga mikono miwili yenye umbo la A kwa bomba la mviringo la 25 × 2, bushi ndani, bolijointi za gari nje. Epuka kuweka rodi endi (kiungo cha mviringo chenye mkia) yenye uzi mahali ambapo uzi wake utapindwa. Hukatika bila onyo, na tairi hutoka nayo. Boli za ndani za raki ya mbele ziangukie kwenye mstari unaounganisha bushi za mikono, la sivyo usukani utacheza kwenye kila tuta. Kama umetumia vitovu vya mbele vya Corolla hapa pia, bila shafti, usiache tundu wazi: bakiza kikombe cha nje cha sivi jointi na nati yake ikazwe kwa kipimo cha kitabu, ambacho kwa Corolla nyingi ni kati ya nyutoni-mita (N·m) 180 na 220. Kikombe hicho ndicho kinachobana beringi. Bila yake, beringi huachana na tairi hutoka na kitovu chake.

Springi zisikisiwe kwa macho. Mfano: kilo 730 na dereva, asilimia 58 nyuma, kila tairi ya nyuma inabeba kilo 212, toa kilo 35 za kitovu na tairi, zinabaki 177. Ukitaka mtikisiko wa mara 1.8 kwa sekunde, unahitaji kama N 23 kwa milimita kwenye tairi, na kwa kuwa shokabsoba imesimama karibu na tairi, springi ya N 25 inatosha. Mbele, hesabu hiyo hiyo kwa kilo 123 na mara 1.6 inatoa N 12.4 kwenye tairi. Lakini springi ikiwa imekaa kwenye mkono wa A pale ambapo inatembea milimita 6 tairi ikitembea 10, unagawanya kwa 0.6 mara mbili, inakuwa N 34. Wengi hugawanya mara moja tu, wanaishia na gari linalogonga chini mbele.

Breki na mengineyo

Corolla hugawa breki kwa mshazari, mbele kulia na nyuma kushoto. Hapa gawa mbele na nyuma, masta silinda mbili na upau wa kurekebisha kati yake, pedali yenye uwiano wa 5 au 6 kwa 1, bila servo (kiongeza nguvu ya breki). Valvu ya Corolla inayopunguza breki za nyuma itupe, imepangwa kwa gari lenye uzito mbele. Anza na nguvu nyingi mbele, tafuta mahali ambapo tairi za mbele zinafunga kidogo kabla ya za nyuma, uifungie hapo.

Kebo za gia zilikuwa zikitoka giaboksi kurudi nyuma kwenye lever. Sasa lever iko mbele, kwa hiyo ama uzizungushe kwa duara lenye nusu kipenyo cha milimita 200, ama ugeuze bano lake na kukubali gia ya kwanza kuwa mahali pa pili. Kebo ndefu za kusukuma na kuvuta hupatikana kwa wauzaji wa vifaa vya boti Mombasa na Dar es Salaam.

Rejeta kwa otokrosi iweke juu nyuma ya tao kuu, yenye feni, mbali na tope. Mabomba yanakuwa mafupi na hakuna maji ya moto yanayopita karibu na miguu ya dereva. Nakuru iko juu, karibu mita 1,850, na maji yasiyo na shinikizo huchemka huko kwa nyuzi 94 hivi, kwa hiyo kifuniko cha rejeta kiwe kipya. Tangi la upanuzi liwe sehemu ya juu kuliko zote kwenye mzunguko, vinginevyo hewa itakaa kwenye kichwa cha injini.

Kabla ya rangi

Chasisi ikiwa uchi, pima msokoto wake. Funga sehemu za nyuma imara mezani, egemeza mbele kwenye ncha moja katikati, weka bomba la kuvuka na umning'inize mtu wa kilo 70 mita 1 kutoka katikati. Hiyo ni kama N·m 690. Pima tofauti ya kimo kati ya sehemu mbili za mbele zilizoachana mita 1. Milimita 4 ni karibu N·m 3,000 kwa digrii, nzuri kwa gari la uzito huu. Milimita 12 ni N·m 1,000, na hapo springi zako hazina maana, kwa sababu chasisi yenyewe imekuwa springi. Ili kujua ulegevu uko wapi, rudia kipimo kwenye tao la mbele, tao kuu na vichwa vya shokabsoba. Sehemu ambayo namba inaruka ghafla ndiyo inayodai mshazari. Jaribu ukiwa na ile V ya chumba cha injini imefungwa, kisha ukiwa umeitoa, na kama hakuna tofauti basi bolti zake zinacheza au haikukaa kwenye mafundo.

Baada ya siku ya kwanza ya majaribio osha gari, kagua mwisho wa kila weldi kwenye daraja la tairodi za nyuma, vichwa vya shokabsoba na miguu ya injini. Paka mafuta ya taa, futa kabisa, kisha paka chaki iliyosagwa. Mstari mweusi ukijitokeza kwenye chaki, huo ni ufa. Usichomelee juu yake tu. Saga mpaka ufa uishe, choma upya, halafu uongeze bati la pembetatu linalohamishia mzigo kwenye bomba la pili, kwa sababu ufa ukirudi mahali pale pale, maana yake mzigo unaingia mahali pasipo fundo.